Jumuiya ya ujifunzaji, kamati ya uratibu au kampuni moja: kipi kitapanga usafiri wa mji wenu?

Saa 12:30 asubuhi, kituo kimejaa watu. Daladala lenye ruti ndefu kwenye bodi linafika katikati ya njia, konda anagonga ubavu na kutangaza "mwisho hapa", abiria wanashuka, gari linageuza. Mbele kidogo bajaji saba zimepanga mstari upande wa pili wa barabara, ambako hakuna anayeshuka. Wanafunzi wanne wameshaachwa na gari la tatu. Dereva, konda, mwenye bajaji na trafiki aliyesimama pale wote wanaijua kazi yao. Kinachokosekana ni mahali pa kuipanga pamoja.

Halmashauri, vyama vya wasafirishaji na mashirika yanayotaka kurekebisha hali hii huwa na njia tatu. Ya kwanza ni jumuiya ya ujifunzaji: watu wanaofanya kazi moja au kazi zinazogusana, wanakutana mara kwa mara, wanachambua tatizo la kazi yao, wanajaribu dawa na kurudi kuelezana. Ya pili ni kamati ya uratibu, yenye wajumbe walioteuliwa, mihtasari na nguvu ya kuamua. Ya tatu ni kuwaunganisha wasafirishaji wawe ushirika au kampuni moja, yenye ratiba moja na mfuko mmoja. Njia hizi huchanganywa kila siku, na hapo ndipo nyingi hufia. Kikundi cha kujifunza kinapewa kazi ya kugawa ruti, kamati inatarajiwa kubuni mbinu za barabarani, na ushirika unasajiliwa ili kupata leseni tu.

Namna yetu ya kuchagua ni fupi. Andikeni tatizo lenu kama swali. Likiwa ni "tufanyeje", linahitaji jumuiya. Likiwa ni "nani apate", mfano nani apewe eneo la kupakia au ruti mpya, linahitaji kamati. Likiwa ni "hasara ya siti tupu aibebe nani", linahitaji ushirika au kampuni, kwa sababu hakuna kikao kinachoweza kugawana hasara ambayo haina mfuko wa pamoja.

Jumuiya yenyewe ni kitu gani

Fikra hii waliieleza watafiti Jean Lave na Etienne Wenger mwaka 1991, wakiiita kwa Kiingereza "community of practice". Sehemu kubwa ya fikra hiyo ilitoka Afrika: miaka ya 1970 Lave aliwachunguza mafundi cherehani wa Liberia, akaona kijana anavyojifunza kwa kukaa karibu na wazoefu, akianza na kazi ndogo za pembeni na kusogea taratibu hadi kukata kitambaa mwenyewe. Anayekijua kijiwe cha bodaboda ataelewa mara moja. Mgeni anafundishwa na wenzake namna ya kubeba mgonjwa, barabara gani ina mchanga baada ya mvua, na jinsi ya kukataa mishikaki (kubeba abiria wawili au zaidi kwa pikipiki moja) bila kugombana na mteja. Walimu wa Tanzania nao wanazo jumuiya za ujifunzaji shuleni chini ya MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, kwa hiyo jina hili si geni masikioni.

Jumuiya inahitaji mambo matatu: jambo moja linalowahusu wote, watu wanaofahamiana kiasi cha kusemezana ukweli, na ujuzi wanaoutumia kazini kila siku. Likikosekana la tatu, mmepata kongamano. Ndiyo maana mwenye gari ambaye hashiki usukani wala hakai kituoni hafai kuwa kiini cha jumuiya, hata kama ana gari kumi. Anahitajika, lakini baadaye.

| | Jumuiya ya ujifunzaji | Kamati ya uratibu | Ushirika au kampuni |
|---|---|---|---|
| Wanaokaa | Madereva, makonda, viongozi wa vijiwe, mhudumu wa kituo. Watu 12 hadi 18 | Halmashauri, LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu Tanzania), polisi wa usalama barabarani, TARURA au TANROADS (wakala wa barabara), vyama | Wamiliki wa magari |
| Nguvu | Kujaribu na kushauri | Kuamua na kusimamia | Kuajiri, kupanga ratiba, kugawana mapato |
| Huanza kuzaa | Wiki chache | Miezi, kutegemea vikao | Mwaka au zaidi |
| Hufa kwa | Posho na siasa | Wajumbe kutuma wawakilishi | Kila mmiliki kubaki na hesabu yake |

Tatizo moja kwa undani: kukatisha ruti

Tulichukue hili, la gari kugeuza kabla ya mwisho wa ruti, kwa sababu kila mji wenye daladala unalo, na linaonyesha vizuri jumuiya inafika wapi na inakomea wapi.

Dereva na konda humkabidhi tajiri, yaani mwenye gari, hesabu ya siku: kiasi alichowapangia. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chao. Asubuhi watu wote wanaelekea upande mmoja, hivyo gari linaloenda mpaka mwisho wa ruti kufuata abiria linakwenda na siti tupu. Linachoma mafuta, linapoteza dakika, na likifika linakuta mengine mawili mbele yake kwenye foleni ya kupakia. Likigeuza katikati linajaa pale pale. Faini ya kukatisha huenda ikaja au isije, ila siti tupu ni hasara ya uhakika. Ukimweka dereva huyo kwenye semina ya maadili ya muda wa saa sita, kesho yake atakatisha tena, kwa kuwa hesabu bado ni ile ile.

Jumuiya inaanza kwa kupima. Wekeni watu watatu wenye kalamu na karatasi: mmoja mwanzo wa ruti, mmoja panapogeuziwa, mmoja mwisho. Wakae kuanzia saa 12:00 hadi 2:30 asubuhi, siku za Jumanne, Jumatano na Alhamisi (Jumatatu na Ijumaa zina tabia zake, zitawapotosha). Kila gari liandikiwe namba za usajili, dakika ya kufika, dakika ya kuondoka, na abiria walioachwa kituoni. Jioni karatasi tatu zinalinganishwa. Gari lililoonekana mwanzo na katikati lakini halikufika mwisho, limekatisha. Majina ya madereva yasiandikwe popote. Karatasi ikigeuka kuwa ushahidi wa kumshitaki mtu, hamtapata karatasi ya pili.

Hatua ya pili ni hesabu ambayo wengi hawajawahi kuifanya pamoja: idadi ya magari yanayohitajika ni muda wa mzunguko mzima ukigawanywa kwa dakika mnazotaka zipite kati ya gari na gari. Mzunguko wa dakika 90, mkitaka gari kila dakika 3, unadai magari 30. Sasa mvua inyeshe na foleni ipeleke mzunguko kwenye dakika 120. Magari yale yale 30 yanapita kila dakika 4. Kama kila moja linabeba watu 30, kituo kilichokuwa kikiondoa watu 600 kwa saa sasa kinaondoa 450, na watu 150 wamebaki barabarani bila gari hata moja kukatisha. Makonda wakiiona hesabu hii ubaoni, lawama hupungua na mazungumzo huhamia kwenye dakika zinapopotelea.

Mara nyingi dakika hizo zinapotelea kwenye kupakia. Gari linalosubiri kujaa mwisho wa ruti linaweza kukaa dakika 15 wakati abiria wanajazana vituo vitatu mbele. Jaribio ambalo jumuiya inaweza kulifanya yenyewe ni kuondoka kwa dakika badala ya kuondoka kwa kujaa: magari sita, wiki mbili, mpanga zamu mwenye daftari na saa, kila gari linaondoka dakika 5 baada ya lililotangulia hata kama lina siti tupu, likijaa njiani. Wakubaliane na wapiga debe mapema, kwa sababu malipo ya mpiga debe yanategemea gari lijae pale pale, na jaribio hili linamgusa mfukoni. Akiachwa nje ya mazungumzo ataliua siku ya kwanza, na atakuwa na haki ya kulalamika.

Jaribio la pili linahitaji tajiri. Hesabu ya asubuhi ipangwe kwa idadi ya safari zilizofika mwisho, dereva akipunguziwa kidogo kwa kila safari kamili. Hapa ndipo wamiliki wanaalikwa, wakiwa wameandaliwa karatasi ya vipimo.

Kisha jumuiya inafika ukutani. Pengine vipimo vitaonyesha kwamba ruti ni ndefu mno kwa wakati ule na kwamba baadhi ya magari yanapaswa kuruhusiwa kugeuza katikati kihalali. Ruti iko kwenye leseni ya LATRA. Jumuiya haiwezi kuibadili, na ikijifanya inaweza, inawaingiza madereva wake kwenye faini. Swali limeacha kuwa "tufanyeje" na limekuwa "nani apate", kwa hiyo linahamia kwenye kamati.

Bajaji, wanafunzi na viti mwendo

Haya ni maswali ya jumuiya kwa asilimia mia. Zile bajaji saba za upande wa pili: anayeshuka na mizigo au mtoto mgongoni hawezi kuvuka barabara kuzifuata, na zikihamia zote mlangoni zinaziba njia ya basi. Dawa ya kawaida ni mbili tu kusubiri mlangoni, nyingine kukaa nyuma pasipoziba, na kila moja ikiondoka inayofuata inasogea. Inahitaji zamu iliyoandikwa na mtu mmoja wa kuisimamia. Kinachoiharibu ni bajaji ngeni zisizo za kijiwe, basi wageni wapewe nafasi ya mwisho kwenye zamu. Mkiwafukuza watarudi kupakia nje ya utaratibu.

Kwa wanafunzi, semeni ukweli wa fedha kwanza. Kwa nauli zilizoanza Desemba 2023, mwanafunzi alipangiwa shilingi 200. Mtu mzima kwa ruti fupi ya mjini, isiyozidi kilomita 10, alipangiwa 600. Kwa konda mwenye hesabu ya siku, wanafunzi watatu ni siti mbili zilizopotea. Ukali peke yake huwafanya makonda wafunge mlango kabla ya kufika kituo cha shule. Jumuiya zinaweza kugawana mzigo: kila gari lichukue idadi inayojulikana, tuseme watano, ili wa kwanza kusimama asibebe kumi na wawili na wa pili asibebe hata mmoja. Mwalimu wa zamu akae kituoni wiki ya kwanza.

Na viti mwendo. Vituo vya Mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) Dar es Salaam vimejengwa sakafu yake ilingane na mlango wa basi, lakini mtu anatakiwa afike kituoni kwanza, na sehemu hiyo iko mikononi mwa bajaji. Dereva afundishwe na mtumiaji wa kiti mwenyewe: funga breki za magurudumu kabla mtu hajahama, muulize umshike wapi, usimnyanyue kwa makwapa bila ruhusa yake, na kwenye mteremko mkali kiti kishuke kinyumenyume, wewe ukiwa upande wa chini. Nusu saa na kiti kimoja halisi kinatosha, na dereva aliyejifunza anamfundisha mwenzake kijiweni jioni ile ile. Hakuna waraka wa kamati unaoweza kuingiza ujuzi huo mwilini mwa mtu.

Kamati inapofaa

Kamati ina sifa mbaya ya vikao visivyoisha, lakini yako mambo ambayo bila yake hayatokei. Alama ya kituo kwenye barabara ya TANROADS haiwekwi na halmashauri peke yake. Kwenye barabara ya TARURA mlango ni mwingine. Stendi ni ya halmashauri, leseni ni ya LATRA iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na ukamataji ni wa polisi. Tatizo lolote linalogusa wawili kati ya hao linahitaji meza moja yenye muhtasari unaosainiwa.

Kosa kubwa la kamati ni kuamua bila vipimo: kituo kinahamishwa mita 300 kwa sababu kwenye ramani panaonekana pazuri, abiria wanabaki pale pale pa zamani, magari yanasimama katikati ya barabara. Kosa la pili ni wajumbe kutuma wawakilishi tofauti kila kikao, hivyo kila mara mnaanza upya. Taasisi ikishindwa kutaja mtu mmoja na mbadala wake mmoja, msiihesabu kuwa imo.

Ushirika na kampuni

Kenya ndiyo shule kubwa ya njia hii. Kanuni za 2014 zilidai msafirishaji awe kampuni au sacco (ushirika wa akiba na mikopo) yenye magari yasiyopungua 30 ndipo apate leseni. Zilileta viongozi wanaojulikana, akiba na mikopo ya kununua magari. Lakini pale ambapo kila mmiliki alibaki akidai fedha yake ya siku, matatu mbili za sacco moja ziliendelea kufukuzana barabarani kama zamani, maana rangi na jina vimeungana huku mfuko haujaungana. Mkitaka ushirika utakaoondoa kugombania abiria, swali la kwanza kwenye katiba yenu liwe: nauli inaingia wapi, na dereva analipwa mshahara au anakabidhi hesabu?

Kigali ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 mji uligawanywa kanda na kampuni chache zikapewa mikataba ya kila kanda. Hapo serikali inaikabidhi kampuni huduma na kuipima kwa mkataba, kazi inayodai mtaji na watumishi wanaoweza kusimamia mkataba kila siku. Dar es Salaam, kabla ya Mwendokasi kuanza Mei 2016, kampuni ya UDA-RT iliundwa kwa kuunganisha UDA, shirika la zamani la mabasi ya mji huo, na vyama vya wamiliki wa daladala, DARCOBOA na UWADAR, ili waliokuwa barabarani wapate nafasi kwenye mfumo mpya. Mji mdogo wenye magari 60 na halmashauri isiyo na ofisa usafirishaji hata mmoja usianze hapa.

Gari za wagonjwa, wazee na shule

Iko aina nyingine ya uratibu tunayoisahau kwa kuwa macho yote yako kwenye daladala: magari ya taasisi. Marekani mwaka 2003 wakaguzi wa Bunge walihesabu mipango 62 ya serikali kuu iliyokuwa ikigharimia usafiri wa wazee, wagonjwa, watu wenye ulemavu na wenye kipato kidogo, kila mmoja kwa masharti yake. Februari 2004 Rais George W. Bush alisaini agizo la kuiratibu, na sheria ya 2005 ikataka fedha za baadhi ya mipango hiyo zifuate mpango wa pamoja ulioandaliwa na wenyeji. Ugumu uliokuwepo si mgeni kwetu: gari la hospitali, la kituo cha wazee na la kanisa yanapita barabara moja saa ile ile, kila moja likiwa nusu tupu, kwa sababu hakuna anayejua namna ya kugawana mafuta na bima na mwenzake.

Wilaya zetu nazo zina gari la hospitali ya misheni, la shule ya watoto wenye mahitaji maalumu na la mradi. Jumuiya ya madereva na waratibu wa magari hayo, watu 6 au 8 tu, inaweza kuanza na daftari moja la safari za wiki. Andikeni kilomita, siku, siti tupu. Kabla abiria wa taasisi nyingine hajapanda, ulizeni kampuni ya bima kama hati inamhusu, na jibu lije kwa maandishi. Wengi hukwama hapa baada ya ajali, wakati umeshapita.

Jumuiya inagharimu nini

Fedha kidogo, muda mwingi wa mtu mmoja. Katibu mzuri anahitaji saa 6 hadi 8 kwa mwezi: kupiga simu, kuandaa karatasi za vipimo, kuandika ukurasa mmoja baada ya kikao. Kikao kiwe dakika 90, mara moja kwa mwezi, kati ya saa 4:30 na saa 6:00 mchana abiria wanapopungua, na kifanyike kituoni au jirani. Ukumbi wa hoteli unabadilisha mazungumzo na kuleta swali la posho.

Posho ni jambo la kulikabili waziwazi. Dereva akikaa dakika 90 amepoteza safari, na hesabu ya tajiri iko pale pale, kwa hiyo ana haki ya kuuliza. Njia inayodumu ni tajiri kupunguza hesabu ya siku hiyo kwa thamani ya safari moja. Mradi ukilipa posho kubwa, watu watakuja kwa wingi mpaka mwezi fedha inapokwisha, na hautawaona tena.

Wenye mamlaka wasikae kwenye vikao viwili vya kwanza. Konda hawezi kueleza kwa nini anakatisha ruti mbele ya anayemwandikia faini. Wakija, waje wamealikwa kwa mada moja, mkiwa mmekubaliana kwamba yatakayosemwa hayatatumika kukamata mtu. Na msipange nauli humo: Tanzania nauli elekezi ni ya LATRA, na Kenya washindani wakikubaliana bei wanavunja sheria ya ushindani.

Kundi la WhatsApp ni chombo cha jumuiya, lisichukuliwe kuwa ndiyo jumuiya. Likiachwa wazi, ndani ya mwezi limejaa matangazo na siasa. Swali moja kwa wiki, sauti zisizozidi dakika moja, na katibu akifunga wiki kwa mistari mitano. Semina nayo ina nafasi yake pale ambapo ujuzi haupo kabisa mjini, mfano huduma ya kwanza. Kwa mengine yote haizidi kijiwe.

Pimeni mambo matatu kwa wiki mbili kabla ya kuanza: dakika za kusubiri kituoni, safari zinazofika mwisho wa ruti, na wanafunzi walioachwa. Baada ya miezi mitatu pimeni tena, siku zile zile, saa zile zile. Kama hakuna hata kimoja kilichosogea, rudini kwenye swali lenu na mlisome upya; huenda tangu mwanzo lilikuwa la "nani apate".

Mnapolipeleka kwenye kamati, pelekeni ukurasa mmoja: tatizo kwa sentensi mbili, vipimo vya kabla na baada, kilichojaribiwa na kilipokwamia, kisha ombi moja. Apeleke dereva na konda pamoja na katibu, na waombe wapangiwe mwanzo wa ajenda, kabla ya saa 5:00, ili wawahi zamu ya mchana.